Vitone vya Mafuta na Jina la Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na wanao. Natumaini mguu umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa.

Najua mumeo hapendi kusimulia ya maabara nyumbani, basi acha nikueleze. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachopitisha ujumbe, kama tarishi. Shemeji aligundua kwamba kikizimwa kwa dawa, vile vitone vya mafuta ambavyo seli hujiwekea vinapungua, vingine havijiundi kabisa. Alinivuta hadi kwenye darubini huku akicheka: "Ona, shemeji, zimekonda kama mimi kabla sijamwoa dada yako!"

Mkuu wetu akaniagiza nirudie jaribio ili kuthibitisha. Nilirudia mara tatu. Seli zangu zilizidi kunenepa, vitone tele. Mkuu akamwita Shemeji, akamuuliza picha zake za seli alizitoa wapi. Akajibu kwamba alichokiona ndicho alichokiandika. Hakuaminiwa. Wiki iliyofuata alibeba vitabu vyake kwenye boksi, nami nikamshikia mlango.

Siku ile uliniuliza kama kweli mumeo ni mwongo. Nikakujibu kwamba sayansi haina undugu. Maneno yale nayajutia hadi leo.

Dada, ukweli ni huu. Dawa ile hukaa kwenye friji ya kugandisha. Mimi niliisahau mezani Ijumaa, nikaikuta Jumatatu imepata joto. Nilijua imeharibika. Nikaona aibu kusema, nikaitumia hivyo hivyo, mara zote tatu. Shemeji alipokuwa anahojiwa nilikuwa nimeketi kando yake, na sikufungua mdomo.

Mwezi uliopita ilikuja chupa mpya. Nikarudia jaribio peke yangu, na vitone vikapungua, kama alivyosema. Jana nimemweleza mkuu kila kitu. Amesema nafasi ya Shemeji ilishapata mtu, na yangu niiache mwisho wa mwezi. Ameandika barua ya kumsafisha jina. Nimeiweka humu ndani.

Siombi unitetee. Mpe barua ya mkuu kwanza, aisome kwa utulivu. Hii yangu, akitaka kuichana, mwache aichane.

Wabusu watoto. Wakiuliza mjomba anakuja lini, waambie baba yao ndiye atakayesema.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza.