Maneno ya Mgeni Chumbani kwa Baba

Sesean, Toraja
Tarehe 3 Julai

Dada yangu Ribka,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za nyumba nzima. Habari za Sorong? Shemeji Yulius hajambo? Mgongo wake umepata nafuu, au bado anabeba mizigo bandarini huku akijifanya kijana? Wapwa zangu wawili, ambao nawajua kwa picha tu, nawaombea afya. Nasikia yule mdogo ameanza shule. Mwambie mjomba wake anasema asome kwa bidii na asiwe mwongo kama mjomba. Sababu utaiona huko mbele.

Sisi huku ni wazima, kwa kadiri tunavyoweza. Mama magoti yanamsumbua mvua ikinyesha, lakini bado anapanda ngazi ya nyumba bila kushika popote, na ukimpa mkono anakasirika. Kahawa imeiva vizuri mwaka huu. Baba bado ni mgonjwa, vilevile kama ulivyosikia mara ya mwisho. Tangu pumzi yake ilipokatika miaka miwili na ushei iliyopita amelala kile chumba cha kusini, kichwa magharibi, na Mama anampelekea kahawa asubuhi na wali mchana, anamweleza nani kaoa na nani kaharibikiwa na mpunga. Atabaki mgonjwa hivyo mpaka ageuzwe kichwa na nyati wa kwanza aangushwe uani. Hapo ndipo tutasema amekufa. Najua unayajua haya yote. Nayaandika kwa sababu kila nikimtaja kwenye simu unakata, na tangu Pasaka hupokei kabisa. Barua angalau itabidi uichane kwa mkono.

Anakuletea Mikha wa Mjomba Pasang, anarudi huko kwa meli. Usimlaumu, hajui kilichomo.

Sasa nikupe habari. Kazi yangu unaijua. Siku hizi sichukui tena makundi, yananichosha na yanapotea ovyo. Nachukua mgeni mmoja au wawili, gari moja, siku moja, na safari inapangwa wanavyotaka wao. Huyu anataka vipepeo. Yule anataka apige picha mashamba ya mpunga ukungu ukiwa chini ya miguu yake. Mwingine anataka kula tu, kutoka nyumba hii mpaka ile, na huyo ndiye ninayempenda. Wote nawaambia hakuna shida. Ulikuwa ukinicheka tangu utotoni kwamba mdomo wangu ipo siku utanitia kamba puani kama nyati. Nilidhani unatania.

Mwezi uliopita aliniandikia mzee mmoja wa Kiholanzi, anaitwa Wouter. Alisema hataki majabali yenye makaburi, hataki mapango yenye mafuvu, na asipelekwe mahali nyati anachinjwa. Anataka aone mashamba asubuhi, anywe kahawa mahali penye upepo, kisha aketi saa moja na mtu mgonjwa, wa ugonjwa wetu sisi. Kuketi tu, akasema, wala hatapiga picha. Nikamjibu hakuna shida. Nikapanga na nyumba ya Bibi Salu kule Pangala', ambaye alikuwa mgonjwa mwaka wa pili. Wakakubali, mradi mgeni aje na sukari na sigara kama watu wote.

Siku yenyewe nikamfuata hotelini. Mrefu, magoti yamegusa mbele ya gari, kavaa shati la kola lililopigwa pasi kama anakwenda kanisani. Tulipofika kule juu Batutumonga mawingu yalikuwa yamelala bondeni na mashamba yanang'aa maji ngazi kwa ngazi. Watu huwa wanatoka garini mbio. Yeye alitazama kidogo akasema ni pazuri, akarudi kuketi, ule mfuko wa sukari kaupakata kama mtu aliyepakata mtoto kwenye foleni ya hospitali. Nikaanza maelezo yangu, yale ninayoweza kuyasema hata nikiwa usingizini. Akaniambia kwa upole kwamba sina haja ya kujichosha.

Kufika Pangala' tukakuta watu wanakata nyama. Mjukuu mmoja alipata likizo mapema huko Jakarta, ukoo ukasogeza tarehe ya mazishi, na hakuna aliyekumbuka kuniambia. Binti wa nyumba akanifuata garini na mikono yake imejaa damu ya nyati. "Obet, pole, Bibi ameshafariki leo asubuhi. Lakini njooni mle."

Nilipomweleza mgeni, hakukasirika. Hiyo ndiyo ikawa taabu. Angekasirika ningejua la kufanya, kazi hii imenizoeza matusi. Alisema sawa, akaingia garini, akaupakata mfuko wake, akatazama kioo cha mbele. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa ndege na saa nane kwa basi, na kesho yake anarudi kwao. Nikaingia nami, nikashika usukani. Kisha mdomo wangu ukasema kwamba ipo nyumba nyingine.

Dada, nilimpeleka nyumbani. Nilimpeleka mgeni wa kazi kwa Baba. Nisamehe kwanza hilo, maana ndilo dogo.

Mama hata hakukasirika na mgeni, alinikasirikia mimi. "Unaleta mtu hujasema, mimi nitampa nini, majani? Mtoto gani wewe." Akabadilisha sarongi, akapokea sukari, akatangulia chumbani. Nikamsikia akimwambia Baba, "Mzee, jiweke vizuri, una mgeni. Katoka mbali, mrefu kama nguzo ya ghala. Kaletwa na Obet, si unamjua mwanao." Halafu akashuka jikoni kuchemsha kahawa.

Mgeni akaketi mkekani. Sigara akaziweka miguuni pa Baba kama nilivyomfundisha. Akaniuliza kama ni kweli Baba anasikia. Nikamwambia sisi tunasema naye, kama anasikia hajawahi kutuambia. Akacheka kidogo. Kisha akaanza kueleza. Mke wake, Liesbeth, alilazwa hospitali wiki tatu, na yeye alikaa naye kila siku. Siku moja akashuka kusogeza gari kwa sababu muda wa kuegesha ulikuwa umekwisha. Aliporudi, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Siku ya sita baada ya kifo wakauchoma mwili wake, nusu saa kazi imekwisha, na nje kulikuwa na familia nyingine inangoja zamu. Akasema tangu siku hiyo ana maneno na hajui ayaweke wapi. Akauliza kama anaweza kuyaacha kwa Baba.

Nikamwambia amwombe Baba mwenyewe. Akamwomba. Nami nikatafsiri, maana Baba Kiingereza hakukijua hata alipokuwa mzima.

Hapa nikueleze jambo la kazi. Sisi hatusemi mgeni anasema hivi, mgeni anasema vile. Inachosha masikio. Mgeni akisema mimi, nasi tunasema mimi. Akisema ana njaa, nasema nina njaa, hata kama nimeshiba mpaka pumzi haipiti. Miaka kumi nimefanya hivyo. Basi nikasogea kichwani pa Baba nikamwambia kwa lugha yetu: Nisamehe. Nilikuwa mbali ulipoondoka. Nilijua unaningoja, nikashughulika na vitu vya ovyo nikidhani muda upo. Nasema na wewe njiani na jikoni, na hunijibu. Na hasira ninayo pia, kwa kuniondokea nikiwa sipo. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mama alikuwa ameshafika na kahawa. Yule mzee sauti yake ilikuwa ya chini, kainamisha uso kwenye magoti, kutoka mlangoni humsikii. Mama alinisikia mimi. Mimi Obet, ambaye kwa miaka miwili naingia chumba kile kubadilisha balbu tu, eti namwambia Baba nisamehe nilikuwa mbali. Sasa katika nyumba hii aliye mbali ni nani? Desturi unaijua, aliye mbali humtumia mgonjwa maneno kupitia kwa nduguye. Mjomba Pasang alipokuwa Makassar alifanya hivyo kwa bibi yetu. Na kila Jumapili, nikishakupigia simu, Mama huniuliza, "Ribka hajasema neno kwa baba yake?" Nami hujibu bado.

Akaweka sinia chini. Akamwinamia Baba, akamtengeneza shuka, akamwambia, "Umesikia sasa? Nilikwambia huyu mtoto hana moyo mgumu. Mwenye moyo mgumu ulikuwa wewe." Kisha akamshika mgeni mikono yote miwili, na yule mzee akalia, na Mama akalia, kila mtu kwa lake. Mimi peke yangu nilizijua lugha zote mbili, nami nikaanza kumimina kahawa.

Niliporudi kutoka kumpeleka mgeni hotelini, saa kumi jioni, Mama na magoti yake yale alikuwa ameshakwenda na kurudi kwa Mjomba Pasang. Unakumbuka msimamo wake, kwamba Baba hageuzwi kichwa mpaka mtoto wa kwanza awepo. Ukoo umemsema miaka miwili. "Mama Ribka, unamchosha mzee." Naye huwauliza, "Mimi naitwa mama nani?" Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyetaka tarehe. Jumapili baada ya ibada wakakaa, wakapanga: tarehe 14 Agosti.

Nimejaribu kuzuia, Dada, Mungu anajua. Nilimwambia Mjomba huenda ukakosa ruhusa kazini. Akasema, "Wewe tulia. Kasema mwenyewe anakuja, mambo ya ruhusa anayajua yeye." Mianzi imekatwa, vibanda vya wageni vimezunguka pande tatu za ua. Watu wa Makassar wameshapanga mabasi yao. Mchungaji kaandika kwenye daftari lake, waimbaji wanafanya mazoezi, na yule nyati wa madoa Mjomba anamwogesha mara mbili kwa siku kama bwana harusi. Juzi nikajikaza nimwambie Mama ukweli. Nikamkuta anashona sarongi nyeusi, anapimisha kwa ile yako ya zamani. Akaniuliza kama umenenepa. Nikamwambia sijui, nikatoka.

Alichokutendea Baba nakijua, nilikuwepo. Siku ya harusi yako alisimama na sahani yake haijaguswa, akasema mbele ya watu wa Yulius kwamba yeye hali na watu ambao bibi yao alikuwa mtumwa wa kumchotea bibi yake maji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliinamisha kichwa nikaendelea kula. Ukasema utarudi siku atakapokuomba radhi mwenyewe, na sasa ana ugonjwa ambao mtu haombi radhi. Huna kosa. Siandiki kukuambia una kosa.

Mgeni naye ameniandikia. Anasema siku hizi analala vizuri. Ananishukuru kwa kumtafsiria neno kwa neno.

Ribka, mpaka hapa nimekusimulia kana kwamba haya yameniangukia tu kama mvua. Hata mchungaji nilimsimulia hivyo. Lakini siku ile ile Mama alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza, "Obet, yale ni maneno ya Ribka kweli?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Hilo moja. Lingine sijamwambia mtu. Maneno ya mwisho ya yule mzee yalikuwa haya: sitakuona tena, huko uliko siwezi kuja. Niliyasikia vizuri na niliyaelewa vizuri. Ila nilipoinua uso kuyatafsiri nilimwona Mama mlangoni na sinia, kahawa inammwagikia mkononi na hana habari. Nikamgeukia Baba nikasema: Nitakuja. Ningoje.

Sasa siwezi kuyarudisha. Usipokuja, tarehe 14 nitasimama uani mbele ya ukoo mzima niseme kwamba mwongo ni mimi, na Mama atanisikia akiwa ameishika ile sarongi. Kukuamuru siwezi, hata kukuomba naona aibu. Ukija, usije kwa ajili ya Baba. Na mje wote. Yulius ataketi kwenye jukwaa letu sisi wenye msiba, ubavuni kwangu, mbele ya kila mtu, na sitatia tonge mdomoni mpaka yeye ale kwanza. Hilo ndilo tu ninaloliweza, na nimechelewa nalo miaka kumi na moja.

Nisalimie Shemeji na watoto. Agosti huku baridi kali, mkija wabebeeni sweta. Mama ameingia sasa hivi, kauliza naandika kwa nani, nikamwambia. Amekaa hapa ubavuni, kusoma hajui, anatazama tu kalamu inavyokwenda. Anasema nikuandikie kwamba baba yako hajambo kidogo tangu uliposema naye.

Ni mimi mdogo wako,
Obet