Kulala Nje Bila Kaka

Jumamosi, 27 Desemba

Kaka,

Nimefika. Begi langu halijafika. Nimesimama mbele ya ule mkanda wa mizigo unaozunguka mpaka nikabaki mimi na kigari cha mtoto kisicho na mwenyewe. Dada wa dawatini ameniambia nisubiri simu. Nisubiri nimevaa nini? Sweta, soksi nene, kila kitu kimo humo. Baridi ya kwenu hii si ya kuazima kanga.

Wifi amenipa koti lako la kijani. Nilipotokeza nalo sebuleni binti yako Bibi aliacha kula, akanitazama, kisha akaendelea na sahani yake. Amekuwa mrefu, Kaka. Ana miaka kumi na miwili na bado anaitikia hilo jina la Bibi, kwa kuwa amerithi jina la mama yetu na wewe hukuweza kumwita mama yako kwa jina.

Viatu vyako vya msituni viko pale pale mlangoni. Wifi anavizunguka akipita na fagio.

Jumapili, 28 Desemba

Wifi ameniambia leo, huku anakamua kitambaa cha vyombo: mwaka huu hatuendi msituni. Amechukua vyumba hotelini, vina maji moto na chai ya asubuhi. Amechoka, amesema, na mimi nisimwone vibaya.

Nikasema sawa.

Sawa gani? Kila mwaka ulinipigia simu kutoka hemani. Njoo, mdogo wangu, uje ulale nje na sisi usiku wa kuamkia mwaka mpya. Na kila mwaka mimi nilikuwa na sare za shule za watu, cherehani haipoi mwezi wa kumi na mbili. Mwaka huu nimeziacha. Kuna kaptula hazina vifungo na wazazi wananitukana kwa simu. Nimepanda ndege mbili kwa ajili ya usiku mmoja, halafu nasema sawa! Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 29 Desemba

Begi bado. Mvua tangu asubuhi. Nimepiga simu ya mizigo, imenichezea muziki mpaka chaji ikaisha.

Bibi amekuja kukaa kitandani kwangu. Akauliza kama ni kweli kwetu usiku wa kuamkia mwaka watu wanalala nje, kwamba ni mila ya ukoo, Baba alisema.

"Watoto wote tulilala nje," nikamwambia. "Nyuma ya jiko, kwenye mikeka. Baba yako alilala upande wa geti kwa sababu mimi niliogopa mbwa."

"Kwa hiyo Mama anavunja mila."

Nikamwambia asiende kusema hivyo kwa mama yake. Akaenda akasema hivyo hivyo.

Jumanne, 30 Desemba

Siku mbaya. Bibi hajala. Mlango wake umebamizwa mara ngapi sijui.

Wifi amenikuta jikoni. Nilidhani atanifokea. Alivuta kiti akakaa.

"Miaka kumi na moja, wifi yangu. Navaa soksi mbili, kofia, blanketi juu, na bado meno yanagongana. Kaka yako pembeni anakoroma kama trekta. Asubuhi ananiuliza, umeona hewa ilivyo safi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa naenda kwa ajili yake," akasema. "Sasa niende kwa ajili ya nani?"

Nilitaka kusema kwa ajili yangu. Mimi na huu mdomo wangu — unafungwa pale unapotakiwa kufunguka.

Jioni akapita koridoni, akasema bila kusimama: usiku mmoja tu, na mimi nisitarajie yeye kuwasha moto.

Jumatano, 31 Desemba

Naandikia ndani ya hema, Bibi hayupo, nitasema kwa nini.

Tumefika mchana. Msitu ni mkubwa kuliko nilivyouona kwenye picha zako, na unyevu wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Mlinzi wa kambi, mzee mwenye filimbi shingoni, alikuja na daftari lake la wageni. Akachungulia garini, viti vya nyuma, kisha akauliza, yule bwana wa kila mwaka yuko wapi?

Wifi aliangalia usukani. Mimi niliangalia miti. Bibi akamjibu, "Mwaka huu hakuja."

Mzee wa watu akasema basi msalimieni.

Hema likatushinda. Wanawake watatu, fimbo zile nyembamba, na kila mmoja anajua zaidi ya mwenzake. Mimi nilidhani mshonaji hawezi kushindwa na kitambaa. Tulilisimamisha likaegemea kama mlevi. Tukalishusha. Mara ya pili likasimama lakini mlango umeelekea kwenye kichaka. Wifi akasema liache hivyo hivyo, atapita kichakani. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na kamba, na mvua ya rasharasha, na wewe.

Wakati tunakunywa chai ndani, magoti yamegusana, Wifi akauliza hii mila yenu ilianzia wapi hasa, kwa babu gani, maana kaka yako hakuwahi kunieleza ikaeleweka. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka acheke. Nikasema ukweli: ilianzia kwenye uhaba wa vitanda. Mwisho wa mwaka wajomba, mashangazi na wenzao walikuwa wanajaa nyumba nzima, sisi watoto tunatupwa nje na mikeka. Mila gani!

Wifi akanitazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwaga chai, akajishika ubavu, akasema, "Yaani miaka kumi na moja naganda kwa sababu ya wageni wenu!" Akarudia, wageni wenu, wageni wenu, na machozi yanamtoka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipokuzika mwezi wa nne. Na mimi nikacheka. Tulishikana mikono kama wasichana.

Kumbe Bibi anasikiliza.

"Kwa hiyo Baba alinidanganya," akasema.

Nikaanza kusema hapana, si hivyo. Akachukua blanketi lake, akatoka, akajifungia garini.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Nimekaa juu ya jiwe kati ya hema na gari, mwavuli juu ya kichwa, daftari magotini.

Mlinzi amepita na filimbi yake. Mto umepanda, barabara ya chini itakatika baadaye, kila mtu afungashe ashuke. Watu wanashuka. Sisi hatujafungasha hata sufuria.

Bibi hafungui gari. Amelala humo, ndani ya bati, na anasema kupitia kioo kwamba twende hotelini, kwamba yeye hana shida ya vitanda.

Na Wifi — Kaka, hutaamini — Wifi hataki kutoka hemani. Nimefungua zipu, nimemkuta amelala chali anaangalia kitambaa cha juu. "Bado kidogo, wifi," akasema. "Acha nilale kidogo. Leo sikusikia baridi." Nikamwambia mto umepanda. Akasema amesikia.

Nimekwenda garini, nimesimama kwenye kioo. Nimemwambia Bibi jambo ambalo jana sikulimalizia, kwa sababu nilikimbilia kwenye kichekesho. Kwamba baadaye baba yetu aliongeza vyumba viwili kwa upande wa nyuma. Mwaka ule wageni walikuja wachache. Vitanda vilikuwepo, vimetandikwa, na mama yetu ametuonyesha kila mtu cha kwake. Na wewe ukabeba mkeka ukatoka. Hukutumwa na mtu. Mama akakuita, ukasema unakuja, hukuja. Na mimi nikabeba mto wangu nikakufuata.

Bibi alikuwa ametazama mbele muda wote huo. Akashusha kioo, kiasi cha vidole vinne.

"Ulimfuata kwa nini?"

Nilikuwa mtoto, ulitoka, nikatoka. Nimerudi kukaa hapa kwenye jiwe ili niandike jibu kwanza, niende nalo likiwa limenyooka, na halinyooki. Kioo bado kiko wazi. Ananitazama. Mzee anapuliza filimbi tena, na sasa anatujia yeye mwenyewe, anapunga mkono.

Kaka, mimi naenda pale kwenye kioo hivi hivi nilivyo, bila jibu lililonyooka. Huko uliko, unikumbuke.