Wifi Anataka Muziki wa Kurukia, na Mimi Siupendi

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu na unisaidie, maana nimefika mahali ambapo kila ninayemuuliza ananicheka, na mume wangu ambaye ndiye angenisaidia amesema mambo ya mawifi yeye hayaingilii, akachukua rimoti akaongeza sauti ya mpira.

Kazi yangu ni kutengeneza muziki kwa kompyuta, na naomba usinione najisifu nikisema kazi naijua, kwa sababu ule muziki wa taratibu unaousikia chini ya sauti ya msimulizi kwenye filamu za wanyama, au kwenye tangazo la hospitali pale mama anapomfunika mtoto shuka, huenda ni wangu na wewe hukujua. Nautengenezea katika chumba cha nyuma hapa hapa nyumbani, nimeegemeza magodoro ukutani na kuziba dirisha kwa blanketi, na nikirekodi nazima feni natoka jasho peke yangu kwa raha zangu, sauti moja ya kinanda naweza kushinda nayo asubuhi nzima mpaka itulie ninavyotaka. Muziki ninaoupenda mimi ni ule unaomwacha mtu apumue.

Sasa ninaye wifi, na wifi huyu si wale wa kusimuliwa, kwa sababu nilipoolewa na ndugu wote wakawa wanauliza ni mwanamke wa namna gani huyu anayejifungia chumbani mchana kutwa na hedifoni kichwani, ni yeye aliyemwambia mama mkwe kwamba mimi niko kazini kama walivyo kazini watu wengine na niachwe, na tangu siku hiyo nimeachwa. Yeye ni mwalimu wa mazoezi. Alikuwa anafundisha kwenye jimu moja kubwa, wakakosana na mwenye jimu, akaondoka akakodi ukumbi juu ya duka la rangi, na wanawake wake karibu wote wakamfuata, lakini yule bwana akamtumia ujumbe kwamba muziki waliokuwa wanautumia ni mali yake na asisikie unapigwa mahali pengine, ndipo wifi akaja kwangu amejaa furaha kwamba sasa tutakuwa na muziki wetu wenyewe, saa nzima, na hatuombi mtu.

Mshauri, muziki anaoutaka ni ile midundo ya kasi, du du du du, nyundo ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, besi juu ya besi, halafu sauti kama king'ora inapanda, inapanda, mpaka unatamani kumpigia mtu simu aje kukuokoa. Nikiusikia dukani natoka bila kununua. Waliosema ngoma ikivuma sana hupasuka nadhani walikuwa wamekaa karibu na spika. Lakini ningemkataliaje wifi kama huyo, nikakaa nikautengeneza, na kwa kuwa mimi siwezi kuachia kazi ya hovyo itoke mkononi mwangu, nikautia akili kidogo, pale ngoma ilipozidi kurudiarudia nikaikata kabisa nikaweka ukimya, ukimya mzuri ulionisisimua hata mimi mwenyewe, halafu nikairudisha kwa hesabu ya tatu badala ya nne, ili msikilizaji apate kitu cha kufikiria.

Siku ya kufungua ukumbi watu walijaa, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya rangi inayopanda kutoka chini, mwalimu wa chekechea, mkata tiketi wa stendi, akina mama wazima na viatu vyao vipya, na wifi alitaka kuwatangazia kwamba muziki umetengenezwa na wifi yake ila nikamvuta pembeni nikamwambia asinitaje, watu wangu wa filamu wakisikia wataniona vipi, akasema sawa, akarudi mbele akawaambia tu karibuni tuanze, na mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma karibu na mikoba. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha ukafika ukimya wangu, na ukawakuta wote wako hewani, nusu wakatua wakasimama na nusu wakaendelea kuruka, mkata tiketi akamgonga mwalimu wa chekechea begani, na ile hesabu ya tatu ilipoingia hakuna aliyejua mguu wa kulia ni upi. Walicheka, na wifi akacheka nao, akazima spika akamalizia kipindi kwa kupiga makofi na kuhesabu kwa mdomo mpaka sauti ikamkauka. Wakati wa kushuka ngazi nilisikia wawili wakiulizana kama kule jimu ya zamani bado wanapokea watu.

Tulibaki sisi wawili tukikunja mikeka. Hakunigombeza, aliniuliza jambo moja tu. "Wifi, kazi ya watu unaowaheshimu ungeileta hivi?"

Nikamjibu kwamba heshima haihusiani, shida ni muziki wenyewe hauna nafasi ya akili, akaendelea kukunja mikeka, na tangu hapo nikimwandikia ujumbe mrefu ananijibu "sawa". Amesema nikiweza nitengeneze tena kabla mwezi haujaisha, nisipoweza nimwambie atafute kwingine, na najua kwingine hana. Sasa ninaye rafiki, prodyuza, tunamwita Besi Nzito, hiyo midundo ndiyo chakula chake, amesema ataumaliza kwa mchana mmoja na mimi nimpelekee wifi kama wangu na hakuna atakayejua. Je, nimpe? Au nimwambie wifi ukweli kwamba mimi siwezi kutengeneza kitu nisichokipenda, maana huo si ndio unafiki? Nijibu upesi, sitaki kumpoteza wifi yangu.

Ni mimi, Fundi wa Taratibu.

JIBU

Mdogo wangu Fundi, barua za mawifi ninazoletewa hapa nikizipanga zitagusa dari, na katika zote hizo hakuna hata moja ya mtu anayelalamika kwamba wifi yake anampenda na anaitaka kazi yake. Wewe ndiye wa kwanza. Kwa hiyo pole, nakupa, ila ni ndogo.

Umeniuliza habari za muziki na nitazifikia. Lakini kuna maneno uliyoyapita mbio kana kwamba unavuka barabara, na mimi nimesimama hapo hapo. Ulimwambia asikutaje. Mwanamke aliyekusimamia mbele ya mama yake mzazi, akatangaza kwamba unachofanya chumbani ni kazi, ndiye uliyemvuta pembeni siku yake kubwa ukamwambia kwamba unachomfanyia yeye ni aibu. Kisha muziki ukaharibika, naye akajumlisha. Unadhani alikasirikia ukimya wako? Ule ukimya ulimwonyesha tu kwamba alichokisikia pembeni ndicho ulichokuwa unamaanisha. Swali lake la heshima lilikuwa wazi kabisa, wewe ukamjibu kuhusu ngoma. Nyani haoni kundule, mdogo wangu, na wewe umekaa juu yake.

Sasa huo unafiki unaouogopa. Fundi cherehani hashoni nguo za kuvaa yeye peke yake, anapima mwili wa aliyemletea kitambaa. Mimi mwenyewe barua za vijana wanaouliza kama msichana aliyewatazama mara moja anawapenda zinanichosha mpaka kope, lakini nazijibu kwa moyo wote, maana aliyeiandika hakulala. Mchagua jembe si mkulima. Mnafiki ni yule anayechukua kazi ya Besi Nzito akaipeleka kwa wifi yake na kusema kaitengeneza yeye. Hilo sikuruhusu. Ukimfanyia hivyo akaja kujua, na atajua, maana huyo Besi Nzito hataweza kujizuia, hata ile "sawa" hutaipata tena.

Unasema uliutia akili. Akili ya nani? Umetengeneza muziki wa kuruka ukiwa umekalia kiti, na siku ya kuujaribu ukaenda ukakaa tena. Wale wanawake hawakuja kufikiria, wanafikiria tangu asubuhi kwenye kazi zao na nyumbani kwao. Walikuja kupata kitu kimoja katika siku nzima ambacho hakiwabadilikii, na wewe ukakiondoa wakiwa hewani.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta viatu vya mazoezi uende ukumbini wiki hii, wakati wifi yako bado anahesabu kwa mdomo. Usimweleze mengi. Simama mstari wa katikati, si nyuma, na ufanye kipindi chote mpaka mwisho, hata kama mkata tiketi atakugonga. Itafika mahali miguu itakataa, na kitakachokuinua si maana wala hisia, ni sauti ya mtu anayesema moja, mbili, tatu, nne bila kuchoka. Hapo utaelewa ile nyundo ina kazi gani. Sikuahidi kwamba utaupenda muziki huo, mimi pia nikiusikia nafunga dirisha. Lakini utaiheshimu kazi yake, na kwa fundi hiyo inatosha.

Ukirudi chumbani kwako, sogeza kiti nje na ufanye kazi umesimama. Kila sauti unayoiweka, ijaribu kwa miguu, na ile ambayo miguu haiitikii uifute hata kama masikio yako yanaililia. Mwite Besi Nzito aje asikilize, mwache akukosoe atakavyo, akuambie besi imelegea au king'ora kimechelewa, ila mikono kwenye kompyuta iwe yako. Halafu tafuta kitu kimoja tu katika midundo hiyo ambacho unaweza kukipenda, kiwe kidogo kama sauti ya ile sahani ya shaba inayogongwa pamoja na ngoma, na ukishughulikie kama ulivyozoea kuishughulikia sauti moja ya kinanda asubuhi nzima. Mwishoni mwa kipindi watu hulala kwenye mikeka wakajinyoosha, na hapo ndipo pa taratibu zako, lakini usianze na hapo, nakujua. Kwanza wafikishe.

Muziki ukiwa tayari usiutume kwa simu. Upeleke mwenyewe mapema, uusikilize na wifi yako mkiwa wawili, na umwambie kwa maneno haya haya, bila kuyapamba: "Wifi, siku ile nilikuonea aibu, na hukustahili." Usiongeze habari za watu wa filamu. Usiseme lakini.

Kisha wanawake wakishapanga mistari, mwombe akutaje. Huenda akakutaja kwa furaha. Huenda bado ana kinyongo, akawaambia tu karibuni tuanze, na hiyo ni haki yake. Asipokutaja, nyoosha mkono ujitaje mwenyewe.