Sehemu ya Ubongo Inayojua Sura

3 Februari

Mume wangu wa siku arobaini,

Hujambo, roho yangu? Mimi mzima, ila mto wako nimeukumbatia mpaka pamba inalalamika. Hapa kwenye cherehani wateja wananitania: "Bi harusi, mumeo kakimbilia nini huko?" Nawajibu kwa maringo: kapata ufadhili wa shahada ya uzamivu, miaka minne, achunguze jinsi ubongo unavyoona! Mama mkwe ananidakia: "Sema daktari, wewe!" Niambie, mpenzi, umeanza na nini?

Mkeo

1 Machi

Mke wangu,

Salamu tele, nyumbani hawajambo? Huku kila mwanafunzi mpya hulala yeye kwanza ndani ya mashine ya picha za ubongo, kabla hajamlaza mtu mwingine. Nikalala. Wakanionyesha sura za watu, na yako niliichomeka katikati yao. Nilipotoka, wenzangu walikuwa wameacha kucheka. Kuna uvimbe nyuma, upande wa kulia, pale pale ubongo unapotambua sura. Daktari anasema ukiondolewa nitapona, lakini huenda nisiujue tena uso wa mtu yeyote. Usipoondolewa, siumalizi mwaka. Nimeomba wiki mbili za kufikiri. Tumeoana juzi tu, hata sijashiba kukutazama.

Mumeo

9 Machi

Mume wangu,

Leo sikuulizi hali. Nimelia mpaka gauni la mteja likalowa. Wiki mbili za nini, baba? Kubali wakupasue! Sura yangu ina nini hasa, zaidi ya chunusi mbili? Ukinisahau nitajitambulisha kila asubuhi, nawe utanitongoza upya. Mara ya kwanza ilikuchukua miezi saba, mwoga wewe! Mama yako hajala tangu jana. Nakupenda hadi naona haya. Tia sahihi leo.

Mkeo

27 Mei

Mke wangu,

Hujambo? Na mama? Nimepona, Mungu ashukuriwe. Nasoma, naandika, rangi zote naziona. Chuo kimenipa mapumziko ya mwaka mzima. Jana bafuni nilimwamkia mtu, nikasogea nimpishe. Kumbe ni kioo.

Jumamosi saa nne asubuhi nitashuka uwanja wa ndege. Pale mlangoni wanawake wengi watakuwa wanatabasamu. Nisamehe, mpenzi, nikikupita. Usisimame ukingoja nikuone. Niite.

Mumeo