Nililing'oa Jina la Teresa Ili Boti Ipungue Uzito

(Barua hii ilinifikia mwezi wa Mei mwaka huu wa 1997. Mwandishi alikuwa na tarehe inayomkimbiza, kwa hivyo nilimjibu kwanza kwa posta. Sasa ameniruhusu niichapishe, na yeye na rafiki yake wamekubali majina yao yabaki. — Mama Chepkoech)

Mama Chepkoech,

Pokea salamu kutoka Kakamega, sisi huku ni wazima na mvua inatosha, shida ni mimi mwenyewe, na nakuomba unishike mkono kabla sijaharibu urafiki wa miaka kumi na tisa, maana nimefanya jambo ambalo kila nikijaribu kulieleza kwa sauti linasikika kama mchezo wa watoto, lakini hata mke wangu ameacha kuniangalia usoni.

Naitwa Phanuel Lusweti, nafundisha useremala katika chuo kimoja cha ufundi, na rafiki yangu ni Protus Mukhwana, mchoraji wa mabango, ukipita mjini ukaona ng'ombe amechorwa kwenye ukuta wa bucha mpaka unadhani atakuuliza habari, ujue huyo ni wa Protus. Miaka mitatu iliyopita tulinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisumu rimoti na mota ya boti ndogo, hizi boti za mashindano ambazo wewe unasimama ukingoni na kuziendesha kwa mbali, na usicheke Mama, tuko watu saba hapa wenye boti kama hizo, tunashindana Jumamosi kwenye bwawa la samaki la Mzee Wanjala huko Khayega, na watu wanajaa mpaka wauza mahindi ya kuchoma wametujua.

Sheria yetu kubwa ni uzito. Boti ikiwa imekamilika, na mota yake, betri yake, rangi yake na kila msumari wake, isizidi kilo mbili. Ikizidi haishindani, na hata ikiruhusiwa haina maana, kwa sababu boti nyepesi inainuka na kuteleza juu ya maji lakini nzito inayalima kama plau. Tunapima kwenye mizani ya duka la mke wangu Winrose, na wateja wamezoea kungoja sukari yao boti ikishuka.

Sasa nikuambie kuhusu Teresa. Teresa alikuwa mke wa Protus, na pale bwawani hakuna aliyepiga kelele kumshinda, alikuwa anakimbia ukingoni na viatu mkononi akiitukana boti yetu ikibaki nyuma. Alifariki Juni mwaka jana baada ya kuugua wiki tatu tu. Protus aliweka brashi chini miezi minne, hakuchora hata herufi moja, watu walimletea kazi akawarudisha, mpaka siku moja nikaenda kwake na mbao nyembamba nikamwambia, "Twende tuunde ingine." Akaamka. Mama, hiyo boti ndiyo ilimtoa kitandani, na ndiyo maana sikuwa na mdomo wa kumkataza kitu.

Mimi niliunda umbo, nikampa apake rangi. Akapaka. Akarudia. Akapaka mara saba, akachora mawimbi kwenye mbavu za boti kana kwamba haitakutana na mawimbi yenyewe, akachora jogoo mwekundu mwenye mkia wa rangi tano. Nikamwambia, "Protus, hii rangi itatulemea." Akanijibu, "Ulishaona nyumba imeanguka kwa sababu ya rangi? Wewe unapimanga hii boti kama unauza sukari." Mwisho akaleta kibao cha shaba ya njano, sijui alikitoa wapi, amekisugua mpaka kinang'aa, na kwa nyundo na msumari amegonga herufi moja moja: TERESA. Akakifunga puani mwa boti kwa skrubu nne. Akasimama akakiangalia, akasema, "Sasa ametulia."

Tukapima. Kilo mbili na gramu mia tatu na kumi.

Ilikuwa Jumatano na mashindano ni Jumamosi. Protus akasema, "Mwalimu, wewe ndiye fundi, utajua la kufanya," akaenda zake Mumias kuchora bango. Nikabaki na boti. Nikabadilisha skrubu nzito zote nikaweka ndogo, gramu arobaini zikaenda. Nikatoboa mashimo kwenye fremu za ndani, sitini. Nikakwangua vanishi yote ya ndani, sitini tena. Bado mia na hamsini zilikuwa zimezidi, na mbao iliyobaki ukiigusa tena inavunjika, na rangi sikuthubutu kuigusa kwa sababu angeiona. Basi nikaangalia kile kibao. Nikakitoa. Kilikuwa gramu mia na sitini. Nikakata bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, kipimo kilekile, nikagonga herufi zilezile, nikalipaka rangi ya dhahabu ya Protus mwenyewe, nikalifunga kwa skrubu zilezile. Gramu kumi. Mshale ukasimama kwenye kilo mbili kamili, wala haukutingishika.

Mama, tulishinda. Tulishinda mizunguko yote mitatu, boti iliruka kama imetupwa. Protus, ambaye kuona vitu vya karibu kumeanza kumsumbua na miwani hataki, aliiokota ikichuruzika maji, akaweka kiganja juu ya lile bati, akawaambia watu wote, "Mmeona? Ni Teresa amevuta," halafu akalia mbele ya watu, mwanaume wa miaka arobaini na minane, na watu wakampigia makofi, na mimi nikapiga makofi.

Sasa tarehe ishirini na moja Juni ni ibada ya mwaka mmoja tangu Teresa afariki, kwao Lugari, na Protus anataka boti iwekwe mezani karibu na picha yake. Mama mkwe wake haoni tena, na amesema anataka kulishika jina la mtoto wake. Atashika bati la mafuta ya kupikia, Mama Chepkoech. Na mwezi wa Agosti tumealikwa Kisumu kushindana, na huko wanapima kabla na baada, na nimeona boti yetu siku hizi ikitoka majini ni nzito kuliko ilivyoingia, sijui kwa nini.

Winrose alikipata kibao kwenye mfuko wa suti yangu ya kanisa. Akaniuliza, "Baba Sifuna, hiki kitu kinafanya nini hapa?" Nikamweleza. Akasema, "Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi nikimpimia mchele?" Nimefikiria kukirudisha kimyakimya kabla ya ibada, kwamba asijue kamwe, halafu kabla ya Kisumu nikitoe tena. Je, ni makosa? Nifanyeje?

Phanuel Lusweti,
Kakamega

MAMA CHEPKOECH ANAJIBU

Mwalimu Phanuel,

Umeuliza kama kukirudisha kimyakimya halafu kukitoa tena ni makosa. Mtu mzima anayefundisha wenzake hahitaji stempu ya posta kuulizia hilo. Unajua.

Nikupe pole kwanza, kwa sababu unastahili. Ulimwinua rafiki yako kitandani wakati wengine walikuwa wanampelekea pole za mdomo. Na ushindi wenu si wa wizi. Boti ilikuwa kilo mbili, sheria inasema kilo mbili, hao wengine huna deni nao. Hilo litoe moyoni.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Nilifanya kazi ya uuguzi kliniki ya watoto miaka ishirini na sita kabla ya kuanza kujibu barua. Mtoto tulimpima kila mwezi. Hatukungoja afike shule ndipo tushangae. Wewe boti yako uliipima lini? Ilipokwisha! Mbao hukupima, gundi hukupima, rangi ya kwanza hukupima, ya pili hukupima, unakuja kushtuka ya saba imekauka na jogoo amekaa juu. Kisha uzito ambao nyinyi wawili mliuongeza kwa miezi, ukauondoa peke yako kwa siku tatu, na ukaishia kukata pale ambapo mwenye jina hawezi kusema. Rangi uliogopa kuigusa kwa sababu Protus angeona. Jina la mkewe ukaligusa kwa sababu hangeona. Soma tena hiyo sentensi, Mwalimu.

Na acha kumfanya yai. Mtu aliyemzika mkewe anaweza kuvumilia kusikia kwamba boti yake ni nzito.

Fanya hivi. Jumamosi hii asubuhi, kabla ya watu kwenda bwawani, nenda kwake ukiwa na kile kibao mkononi. Usimtume Winrose, usiende naye. Sentensi ya kwanza iwe ile yenyewe: "Nilitoa jina la Teresa nikaweka bati." Usianze na hali ya hewa. Usitaje ushindi hata kidogo, kwa sababu ukiutaja itaonekana unalipia kosa kwa kombe. Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, usijaze ukimya wake kwa maneno yako. Umpe siku zake.

Akiwa tayari, wekeni boti kwenye mizani, nyinyi wawili, na yeye achague kitakachotoka. Yeye. Hata akichagua kwamba isishindane tena, basi haishindani. Lugari kiende kibao cha kweli, hata kama boti itabaki nyumbani.

Kuhusu hilo la boti kurudi nzito, nilimpigia simu Maina, jamaa wa Nakuru anayeunda boti hizi tangu ujana. Alicheka kabla sijamaliza. Anasema ulipokwangua vanishi ya ndani uliiacha mbao uchi, na sasa inakunywa maji kila Jumamosi. Ikausheni siku nne kivulini, mpake vanishi nyepesi mara moja tu, na mfute inayozidi kwa kitambaa. Siku zote pimeni kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka. Tofauti ikiwepo, maji yanaingia. Anaongeza kwamba hata uzito ukiwa sawa, mahali ulipokaa ni muhimu. Chuma puani kinaifanya boti ichimbe maji, kwa hivyo kibao kikirudi, betri isogezwe nyuma kidogo mpaka boti ielee sawasawa.

Umefundisha vijana wangapi kupima mara mbili kabla ya kukata? Nenda kwa Protus. Usipite dukani kwanza.

Mama Chepkoech

BARUA YA PILI, SEPTEMBA

Mama,

Nilienda. Nilimkuta anakoroga rangi nje ya nyumba. Nilisema ile sentensi kama ulivyoiandika. Protus hakupiga kelele. Aliuliza, "Kiko wapi?" Nikampa. Akakifuta kwa shati lake, pande zote mbili, akasema, "Mwalimu, enda nyumbani."

Siku tisa hakunisemesha. Nilipita barabarani akageukia ukuta wake. Siku ya kumi alikuja dukani kwa Winrose na boti kwapani, akamwamkia yeye, mimi hakuniamkia, akaiweka kwenye mizani. Mama, alikuwa ameipiga msasa yote. Mawimbi hakuna, jogoo hakuna, mbao tupu kama siku niliyompa, na kibao cha shaba kiko puani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Tuliikausha siku nne, nikapaka ile vanishi ndani na nje yeye amesimama juu yangu, na ilipokauka tukapima tena: kilo moja na gramu mia tisa na themanini.

Ndipo akaniambia, "Kilichoniuma si kibao. Ni kwamba nililia mbele ya watu na wewe ukajua ni bati, ukaniacha." Nilimwambia tu kwamba ni kweli. Akasema, "Basi usirudie," akanunua sukari nusu kilo akaenda.

Lugari tulienda pamoja. Mama yake Teresa aliishika boti magotini ibada nzima, akapitisha kidole kwenye kila herufi, akauliza kwa nini ile R imepinda. Protus akamwambia msumari uliteleza. Yule mama akacheka, na watu wakapata ruhusa ya kucheka.

Kisumu tulikuwa boti kumi na moja. Tulipimwa kabla na baada, haikuongeza hata gramu moja, lakini wenzetu wana mota za nguvu na tukawa wa nne. Njiani kurudi nilidhani Protus amekasirika kwa kushindwa. Kumbe alikuwa anawaza. Tulipopita Chavakali akaniambia anataka tuunde boti ingine, ndogo zaidi, na kwamba mbao zilizobaki kwangu niziache palepale zilipo.

"Nakuja kesho saa mbili asubuhi," akasema. "Usipime kitu kabla sijafika."

Phanuel