Majani Aliyoyachomeka Uweso

Kija, shoga, kwanza niliona majani hayana mizizi. Uwanja wetu hapa Makorora si mchanga mtupu? Basi Uweso, huyo aliyekuja kuniposa, kanunua mzigo wa majani ya mbuzi kayachomeka mchangani!

Eti wazee waone mashine yake ya kukatia nyasi ikikata. Ile mashine kuukuu ya miaka ya hamsini, ya kuchanganya petroli na oili, aliyoiokota shamba la mkonge. Mwaka mzima anaifungua na kuipaka rangi. Leo kaileta kwa bajaji.

Akavuta kamba. Moshi. Akavuta tena, ikanguruma, ikayalaza majani yote bila kukata hata moja. Ikazima.

Na anacheka! Ananinyooshea kidole mbele ya baba: "Mke wangu atayasimamisha. Kaishia darasa la nne, kazi hiyo haimshindi."

Atayasimamisha. Mimi!

Baba naye akacheka. Kisha akaniuliza kama nakubali posa. Nikainama tu, unanijua. Shangazi akapiga kigelegele: "Kanyamaza, karidhia!"

Ndoa Ijumaa.

Simtaki, Kija. Simtaki. Njoo umwonyeshe baba ujumbe huu.