Nilizungusha drone harusini, sasa mashangazi wanarukaruka

Mpendwa Bi Mwantum, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke. Naitwa Prodige, napiga video za harusi, nina studio ndogo mtaa wa Quartier Asiatique na kazi inaniridhisha, na mwezi uliopita nilipiga harusi ya dada yangu mwenyewe, Benite, aliyeolewa na Sylvère, Mrundi mpole ambaye sote tunampenda, sherehe ilikuwa Kajaga kando ya ziwa na ilipendeza mno, isipokuwa mama yetu yuko Uvira, ng'ambo ya mpaka, alivunjika nyonga na hakuweza kuja, kwa hiyo harusi ya binti yake ataiona kwa video yangu tu. Sasa mashangazi walipoingia kwa mstari na vitunga vya zawadi kichwani, drone ilikuwa juu, ruhusa ninayo, nikakumbuka harusi nyingine ambapo mjomba wa bwana harusi hakuonekana kwenye video na amenuna mpaka leo, maana kwetu usipoonekana ni kama hukualikwa, basi nikaizungusha haraka, kutoka kwa mashangazi hadi kwa wakwe hadi kwa wapiga ngoma hadi kwa maharusi, asibaki mtu. Nilipoifungua video nyumbani nilichoka: picha inakwenda kwa kushtukashtuka, mabati ya paa yanametameta mistari, na maji ya ziwa yamekatika vipande vya mraba kama vigae. Shangazi Lisette alitazama kidogo akaniuliza, "Prodige, mi niko wapi hapa? Naona kitunga tu inaruka." Tangu hapo mama akipiga simu namwambia montage, ile kazi ya kukata na kuunganisha picha, haijaisha, na sasa nawaza kumwambia kadi ya kamera imeharibika. Jumamosi tunakwenda kwa wakwe na vitunga tena, kwa gutwikurura, kumfunua bibi harusi, nami naogopa hata kuigusa drone. Nifanye nini?

Prodige, Quartier Asiatique

Prodige mwanangu, wenzako huniletea waume, we umeniletea drone, na kwa kweli umenipumzisha. Kabla ya safu hii nilipiga video za harusi hapa Buyenzi, upande wa wanawake, ambako mpiga picha wa kiume haingii. Ugonjwa wako naujua. Drone ni kamera tu iliyopata mabawa.

Pole, lakini kosa ni lako. Ukiingia kwenye sherehe, unawapa watu mkono mmoja mmoja, au unapunga mlangoni na kupita? Ukipunga, wazee watasema hukulelewa. Drone yako ilipunga. Ulitaka kumsalimia kila mtu na hukumsalimia hata mmoja. Haraka haraka haina baraka, na hilo ulifundishwa kabla hujajua kamera ni nini.

Jumamosi irushe, usiogope. Punguza kasi ya kugeuka kwenye mipangilio yake. Anayeingia ukingo mmoja wa picha asitokee ukingo wa pili kabla hujavuta pumzi mbili ndefu. Afadhali hata usiizungushe: iache itembee taratibu kando ya mstari, mwendo wa mashangazi wenyewe. Jua letu ni kali, kamera hufunga jicho upesi mno na mwendo unakatikakatika, kwa hiyo ivalishe kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Vile vigae vya ziwani vinatokana na kurekodi kwa ubora wa chini. Weka wa juu na ununue kadi yenye kasi. Mabati nayo, punguza ukali wa picha na ubadilishe pembe. Halafu jaribu video yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine, huenda nusu ya mshtuko ni uzee wa hiyo yako.

Ya Kajaga huwezi kuitengeneza yote. Kata pale inapozunguka, acha mwanzo na mwisho ilipotulia, katikati weka nyuso ulizopiga kwa kamera ya mkono. Shangazi Lisette mwombe radhi, na Jumamosi uanze naye.

Ila uongo wa kadi sitaki kuusikia. Mama amelala na nyonga yake akimngoja binti yake, we unamficha kwa sababu ya fahari ya fundi? Usimtumie kwa simu, itabanwa na kuharibika zaidi. Beba kompyuta, vuka mpaka hadi Uvira, keti kando ya kitanda chake. Na picha ikifika pale inaporuka, isimamishe, umtajie waliokuwepo, mmoja mmoja, kwa majina.